Ndoo za Kijiji Kizima: Vijana Wetu Wanaosomeshwa Ng'ambo na Deni Lao Nyumbani



Tume yetu ya Haki na Amani imepewa mada ya ufadhili wa masomo ng'ambo, na namna wahitimu wake wanavyoweza kuzitumikia nchi zao. Tulipoanza kuizungumza mada hii katika jumuiya ndogondogo, huku Masasi na kule juu Newala, halikukosekana swali moja. Liliulizwa na wazazi, na zaidi na wazee: mtoto akishapanda ndege, atarudi? Hatukulidharau swali hilo. Wapo miongoni mwetu waliopoteza watoto kwa Dar es Salaam tu, bila hata pasipoti. Basi leo tutajaribu kulijibu kwa mambo yaliyokwisha kutendeka katika nchi hii hii tunayoikanyaga, maana mambo hayo yapo, ingawa mara nyingi tunayasahau na kutafuta mifano ya mbali.

Ninyi wa Newala hamhitaji kuelezwa habari ya maji. Uwanda wa Makonde hupata mvua, lakini udongo wake huimeza mvua yote, na chemchemi hutokea chini kwenye miteremko. Kabla ya mashine za kusukuma maji za miaka ya 1950, na hata baada yake kila mashine zilipoharibika, mama zetu waliteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Sasa tuwaze kijiji kilichokusanya ndoo zote za nyumba zote, kikampa kijana mmoja mwenye nguvu ateremke kwa niaba ya wote. Nyumbani haikubaki ndoo hata moja. Kijana huyo akikuta bondeni kuna kivuli kizuri na samaki, akaamua kukaa huko huko, nani atasema kwamba ni hiari yake tu na hakumkosea mtu?

Mwalimu Julius Nyerere alitoa mfano unaofanana na huu mwaka 1964. Alizungumza juu ya kijiji chenye njaa kinachompa mtu mmoja chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo asiporudi, alisema, ni msaliti. Ni neno kali. Lakini alilisema mtu aliyekwisha kulitimiza upande wake. Alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 kwa fedha za ufadhili, akarudi mwaka 1952 na shahada, akaenda kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kwa mshahara wa mwalimu.

Wengine watasema: fedha za ufadhili ni za Wazungu, au za Wachina, kwa hiyo kijiji hakimdai mhitimu kitu. Hatukubaliani na maneno hayo. Mfadhili hulipa miaka miwili au mitatu ya mwisho. Miaka kumi na mitano au zaidi iliyotangulia ililipwa na nani? Ililipwa na makato ya korosho, na kodi ya sukari na mafuta ya taa, na mama aliyeuza mihogo ili mtoto apate daftari. Mfadhili anakuja kumalizia paa la nyumba ambayo kuta zake zilijengwa na wengine.

Tuanze na mtu wa kwanza. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, ya ndugu zetu Waanglikana, alileta Masasi kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji. Kutoka misheni hiyo hiyo alitokea Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao kwa asili, akatiwa utumwani angali mtoto, akakombolewa na kulelewa Unguja katika shule ya Kiungani. Misheni ikampeleka Uingereza kusoma katika Chuo cha Mtakatifu Augustino, Canterbury. Aliporudi alipewa ushemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadre.

Tutazame alipelekwa wapi. Hakuwekwa Unguja karibu na kanisa kuu ili wageni wamwone na kumpiga picha. Alipelekwa Chitangali, upande wa Newala, katika nchi ya chifu Nakaam, akaachiwa kituo yeye mwenyewe, na akakaa huko kwa miaka mingi. Fikirini mtu aliyekula katika vyumba vya chuo cha Canterbury, kisha anaishi katika nyumba ya miti na udongo, siku kadhaa za miguu kutoka pwani, anafundisha watoto na kuamua mashauri ya wakubwa. Imani ikashika mizizi pale kwa mikono ya mtu ambaye watu waliweza kumwita ndugu. Sisi Wakatoliki tunaweza kulisema hilo bila wivu.

Inafaa tuongeze jambo moja juu yake, maana tusimfanye Majaliwa kuwa hadithi tamu ya kuwachapia vijana fimbo. Maisha ya mtumishi anayewekwa mbali peke yake ni mazito. Ana mke, ana watoto wanaohitaji shule, ana mwili unaougua. Majaliwa naye hatimaye alirudi Unguja. Tunapowadai wahitimu wetu warudi vijijini, swali linatugeukia na sisi: tunawapokeaje, na nani anakaa karibu nao?

Sasa tuteremke kwenye jambo linalogusa sufuria zetu, yaani korosho.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000 za korosho ghafi, na sehemu kubwa ilitoka kwetu kusini. Msimu wa 1986/87 zilipatikana kiasi cha tani 16,500 tu. Hayo ni maanguko ya kutisha, na hayakuwa na sababu moja. Kuhamia vijijini katika miaka ya 1970 kuliwatenga watu na mikorosho yao; mashamba yakageuka pori. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno hata wengine waliona hakuna maana ya kuokota. Kisha, tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaja ule ugonjwa tunaouita ubwiriunga. Katika miezi ya baridi, mkorosho unapochipua na kutoa maua, ukungu mweupe kama unga unafunika machipukizi na maua, maua yanakauka na kupukutika, na mti unabaki na majani mazuri bila korosho hata moja. Palisemwa mengi wakati ule. Wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ardhi imechoka.

Kabla ya kuendelea, tukumbuke kilichotokea Nachingwea, jirani zetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga huko, na Kongwa, na Urambo. Fedha zilikuwa nyingi ajabu, matrekta yalikuja kwa meli, reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Elimu ya ng'ambo ilikuwapo tele, ila ilifika ikiwa haiujui udongo wala mvua ya mahali, na haikumwuliza mkulima. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba maarifa ni mzigo unaoshushwa bandarini Mtwara ukiwa tayari kwa kutumika.

Korosho ilifufuliwa kwa njia nyingine. Kituo cha utafiti wa kilimo kilikuwapo Naliendele, karibu na Mtwara mjini. Palipokuwa na mradi wa kufufua zao hilo, kwa fedha za Benki ya Dunia na msaada wa Uingereza, watafiti Watanzania wa kituo kile walipata nafasi za kusomea shahada za juu ng'ambo. Peter Masawe alisoma Chuo Kikuu cha Reading, akamaliza shahada ya uzamivu mwaka 1994. Somo lake lilikuwa namna ya kuchagua na kuboresha mikorosho. Shamte Shomari alisoma Chuo Kikuu cha Birmingham, akamaliza mwaka 1996. Somo lake lilikuwa ule ukungu wenyewe, unavyoishi, unavyoenea, na majira yake. Tunaomba mlishike jambo hili. Watu hawa hawakwenda Uingereza kusomea ngano ya Uingereza. Walibeba swali la mkulima wa Masasi na Newala, wakalipeleka mahali penye darubini, maabara na walimu, kisha wakalirudisha swali lile likiwa na majibu.

Majibu yalikuwa ya namna gani? Kwanza ilieleweka kwamba ukungu ule hushambulia sehemu changa za mti, kwa hiyo dawa ina wakati wake. Mkulima anayepulizia salfa kabla ya wakati anatupa fedha, na anayechelewa ameshapoteza maua. Vilevile ilionekana kwamba mikorosho iliyosongamana na kuacha machipukizi mengi chini ya shina hutunza ugonjwa, ndiyo maana bwana shamba anasisitiza kupunguza miti na kupogolea. Wengi wetu tulidhani anatusumbua.

Pili, mbegu. Kokwa ya korosho ukiipanda haikupi mti sawa na mama yake, kwa kuwa maua huchavushwa na miti mingine. Ndiyo sababu katika shamba moja utaona mti unaozaa magunia na jirani yake hauzai chochote. Watafiti waliichagua miti bora, wakaipima mwaka baada ya mwaka, wakachukua vikonyo vyake na kuvibebesha kwenye miche michanga. Mwaka 1996 zilitolewa rasmi aina 16 za mikorosho bora, na baadaye zikaongezwa nyingine hata zikapita hamsini. Miche ya kubebeshwa tunayoinunua leo kwenye vitalu vya vijiji ina asili yake hapo.

Msimu wa 2017/18 taifa lilivuna zaidi ya tani 310,000. Tusiseme kwamba watafiti peke yao ndio walioleta hesabu hiyo. Bei zilibadilika, biashara ilifunguliwa, mashamba mapya yalipandwa, na mkulima mwenyewe alitoka jasho. Tena yapo matatizo yaliyobaki: salfa ni ghali, na ikitumiwa miaka mingi huongeza uchachu katika udongo wetu wa kichanga, na haki katika mnada na malipo ni mada ambayo Tume hii itaendelea kuizungumza. Lakini nyumba nyingi za bati tunazoziona kando ya barabara, na ada za watoto wengi waliofika vyuo, zisingekuwapo kama ubwiriunga ungeachwa utawale. Na hatukuuliza watafiti wale walizaliwa mkoa gani. Walitumwa na nchi, wakaitumikia nchi, na bahati ya kutumikiwa ikatuangukia sisi wa kusini, ambao kwa kawaida hufikiwa mwisho.

Kwa nini walirudi? Tume imelitafakari swali hili, na tunaamini sababu kubwa haikuwa kiapo wala fomu waliyotia sahihi. Kulikuwa na mahali pa kurudi. Kituo kilikuwapo, kazi ilikuwa inawangoja, na wenzao walikuwapo wa kusaidiana nao. Mpango wa masomo wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa mwaka 1959, humtaka mwanafunzi aahidi kurudi kwao. Ni sharti jema. Hata hivyo ahadi ya karatasi haimlishi mtu aliyesomea upasuaji akarudi kukuta chumba cha upasuaji hakina taa, au aliyesomea udongo akawekwa nyuma ya meza kugonga mihuri kwa miaka mitano. Kabla ya kumwita mtu huyo msaliti, tuangalie kama hatukumfunga mikono sisi wenyewe. Aliye na mahali pa kutumika, akakataa kwa ajili ya raha tu, huyo ndiye anayestahili lile neno kali la Mwalimu.

Wapo pia wanaokaa ugenini na bado wanakumbuka nyumbani: wanajenga darasa, wanasomesha wadogo zao, wanaleta vitabu. Hatuwafungii mlango. Tunasema tu kwamba fedha inayotumwa haikai wodini usiku na mgonjwa.

Katika Lupaso, wilaya ya Masasi, amezikwa Benjamin William Mkapa. Alizaliwa huko mwaka 1938, akasoma Lupaso na Ndanda kwa wamisionari wa Mtakatifu Benedikto, kisha Kigonsera na Pugu, akachukua shahada ya Kiingereza Makerere, na baadaye akasomea mambo ya kimataifa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Alikuwa Rais kuanzia mwaka 1995 hadi 2005. Siasa zake zina waliozipenda na waliozilaumu, na hapa si mahali pa kuzihukumu. Tunataja mambo mawili tu. Daraja la Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, lilimaliza mateso ya kungoja kivuko ambayo kila msafiri wa kusini aliyajua. Na baada ya kutoka Ikulu alianzisha, mwaka 2006, taasisi iliyopeleka waganga na wauguzi katika wilaya za mbali ambako wengi hawataki kwenda. Alijua wilaya hizo zikoje, kwa kuwa alitoka katika mojawapo.

Ndugu wapendwa, mpaka hapa tumezungumza juu ya waliofika ng'ambo. Sasa tuzungumze juu ya wasiofika, maana hapo ndipo haki inapoumia zaidi.

Kila mwaka Serikali hutangaza nafasi za masomo zinazotolewa na nchi rafiki, kama China, Hungaria na Algeria. Nani anazisikia? Tangazo hutoka kwa siku chache, kwa lugha ya Kiingereza, kwenye simu na kompyuta. Mtoto wa ofisa aliyeko mjini huliona asubuhi hiyo hiyo. Mtoto wa mkulima wa Mkunya au wa Lulindi huambiwa na mtu mwezi mmoja baadaye, mlango ukiwa umefungwa. Hatudai kwamba kuna aliyeiba. Lakini haki inaweza kupotea hata pasipo mwizi, kwa sababu ya umbali na ukimya.

Na msichana je? Ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na hadi kidato cha sita tangu mwaka 2022. Msichana aliyepata ujauzito ameruhusiwa kurudi darasani tangu Novemba 2021. Kwa sheria, mlango upo wazi. Katika nyumba zetu mambo ni mengine. Hatuipingi unyago, mila ina hekima yake, na makanisa ya huku yametafuta kwa miaka mingi njia ya kuibatiza. Tunapinga unyago unaomtoa binti darasani wiki za masomo na kumrudisha akiwa ameambiwa kwamba sasa ni mke. Binti huyo hatapata ufadhili wa Hungaria. Alipoteza nafasi hiyo akiwa darasa la sita, wakati hakuna mtu aliyekuwa akifikiria ng'ambo.

Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika barua yake Populorum Progressio ya mwaka 1967, mwaka ule ule aliounda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani, aliwahimiza wakristo wa nchi tajiri wawapokee kwa upendo vijana wanaokwenda kusoma kwao, wasije wakaharibikiwa kwa upweke. Hiyo ni kazi ya parokia za huko. Sisi tuna kazi ya huku, nayo si ya fedha nyingi.

Kijana akipata nafasi, parokia isimwage kimya kimya. Aitwe mbele ya jumuiya yake, wazee wamwambie anakwenda na swali gani la kwao: maji, korosho, uzazi salama, chochote anachokisomea. Aandikiwe barua akiwa huko. Akirudi likizo aombwe azungumze na wanafunzi wa sekondari, si kwa kujisifu, bali kuwaeleza maombi yanavyojazwa na kosa gani alifanya mara ya kwanza. Na tumwombe awaambie ukweli wa baridi na upweke pia, maana vijana wetu wengi hudhani ng'ambo ni mbinguni.

Aidha, kila halmashauri ya walei ichague watu wawili, ikiwezekana mwalimu mmoja na kijana mmoja mwenye simu, wa kufuatilia matangazo ya ufadhili na kuyasoma kwa Kiswahili baada ya Misa.

Mwisho kuna jambo dogo ambalo tumelikuta mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Kijana anafaulu, nafasi inapatikana, kisha inabainika kwamba hana cheti cha kuzaliwa. Bila hicho hakuna pasipoti, na muda wa maombi unakwisha akiwa njiani kati ya ofisi moja na nyingine. Cheti cha ubatizo ni mojawapo ya vielelezo vinavyomsaidia mtu kuandikishwa kuzaliwa kwake hata akiwa mkubwa, na daftari za ubatizo zipo katika kila parokia yetu. Tunawaomba viongozi wa jumuiya waandike majina ya watoto wote wa darasa la saba na kidato cha nne wasio na cheti hicho, wawe Wakatoliki au la, na kuyaleta kwa katibu wa parokia kabla ya likizo ya Juni. Wasio Wakatoliki tutawaelekeza kwa wenzetu wa misikiti na makanisa mengine, na shule walizosoma. Karatasi za kuandikia zipo mezani, pale karibu na mlango.